Likizo ya Mtu Asiye Mgonjwa

Jumatatu, 17 Machi

Kimanzi, wewe wa ofisi ya wafanyakazi kule Kajiado, huna adabu, na aliyekukalisha kwa hicho kiti hakuuliza kwanza kama ulilelewa. Mtu amesimama mbele yako, amekwambia anataka kumpa mke wake figo moja ili asife, anaomba ruhusa ya wiki sita. Wewe unalamba kidole, unafungua kitabu chako, unamsomea kama mtoto wa nasari. Likizo ya kujifungua iko. Ya baba wa mtoto iko. Ya mgonjwa iko. Ya mtu mzima wa afya anayetaka kukatwa, hiyo hujaiona. Ukamwambia akiwa mgonjwa arudi. Akiwa mgonjwa atatoa figo gani, Kimanzi?

Nimemaliza. Naandika hapa kwa sababu hapa ndipo niko na kalamu. Hiki kitabu nilipewa na nesi wa mashine, niandike kila siku Nyawira amekunywa maji kiasi gani na yuko kilo ngapi. Nyawira ni binti yangu, miaka arobaini na tano, na figo zake zote mbili zimekufa. Jumanne na Ijumaa tunampeleka kwa mashine ya kusafisha damu hapa Kitengela. Ndiyo sababu amerudi kukaa kwangu tangu mwezi wa kumi na moja, yeye na Resian, binti yake. Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini kuandika naweza, na kurasa zimebaki nyingi.

Aliyefukuzwa na Kimanzi ni Lesiamon, bwana ya Nyawira. Ni daktari wa ng'ombe wa serikali. Tulipimwa wengi. Mimi walinikataa kwa umri, kaka zake wawili damu haikupatana, ikapatana ya huyo. Hospitali kubwa ya Nairobi imetoa siku: tarehe 12 mwezi wa tano. Lakini wanataka barua ya ofisi kabla ya mwezi wa nne kuisha, iseme amepewa likizo na mshahara wake. Hawakati mtu ambaye atatoka hapo hana kazi. Na akienda likizo ya bure, bima ya ofisi inasimama, na bila bima hakuna kukatwa.

Maji: glasi mbili. Kilo 58.

Jumatano, 19 Machi

Mawingu tu. Glasi mbili. Kilo 57.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza. Lesiamon alikuja saa nne, akakaa kwa varanda kama kawaida. Haingii ndani. Kwao Wamaasai mwanamume hakai chumba kimoja na mama ya mke wake, hamtazami usoni, hali mbele yake. Kwetu Wagikuyu ni karibu hivyo hivyo. Sasa ni miaka ishirini na tatu na hatujawahi kuongea mdomo kwa mdomo. Nikiwa na neno nampa Nyawira, siku hizi nampa Resian. Yeye pia hivyo. Mimi sikuwahi kuona ubaya, kwa sababu sikuwa na neno kubwa la kumwambia. Huyo mtu sikumtaka. Nilimwambia Nyawira wakati ule, utaolewa na mtu ambaye akiona mvua anafikiria majani ya ng'ombe.

Leo alikaa huko nje anaangalia mvua. Nikamtuma Resian amuulize amefika wapi na ile barua. Akarudi akaniambia baba amesema anajaribu.

"Anajaribu aje?"

"Shosho, amesema tu anajaribu."

Glasi mbili na nusu. Hiyo nusu aliiba. Aliweka mkono dirishani akalamba.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Glasi mbili. Kilo 59.

Jumatano, 2 Aprili

Barua ya pili ya Lesiamon ya kuomba ruhusa imerudi. Safari hii ni mkubwa wake mwenyewe, anaitwa Kimeu, ameandika ati huu ni wakati wa chanjo, mvua imeleta magonjwa kwa mifugo, hakuna mtu wa kutoka. Kwa hivyo ng'ombe wa watu wachanjwe na binti yangu afe.

Lakini Kimeu simshangai, hanijui. Nashangaa huyu wetu. Mwanamume wa kimo hicho anaandika barua, inakataliwa, anaandika nyingine, anakaa kwa varanda yangu anakunywa chai. Hapigi meza. Hapigi kelele. Nimeanza kufikiri kitu kibaya, na nitakiandika. Labda anaogopa kisu, na hizi barua zinazokataliwa zinamfaa. Atasema, mimi nilitaka, ni serikali ilikataa, na watu watamhurumia kwa matanga.

Sijamwambia Nyawira. Anamsifu huyo mtu hata akiwa kwa mashine.

Ijumaa, 4 Aprili

Mshipa wa mkono umeziba. Ule wa kuunganisha na mashine. Walijaribu mara tatu damu ikakataa kupita, mwisho wakamtoboa hapa chini ya shingo, wakaweka mrija. Alinishika kidole na hakulia. Daktari aliniita kando akasema mrija wa shingo si wa kukaa nao. Ukiingia uchafu, ni siku mbili tatu tu. Akauliza ile figo imefika wapi.

Nikasema inajaribu.

Kilo 60.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimefanya kazi ambayo wanaume wameshindwa.

Kimanzi alisema mwenyewe likizo ya mgonjwa iko. Basi apewe mgonjwa. Nilienda kwa Wakhungu, yule wa kliniki iliyo karibu na soko, ambaye amenitibu presha miaka kumi. Nikamwambia andika karatasi, mkwe wangu Lesiamon ana presha kali, apumzike wiki sita. Akasema lazima amwone. Nikamwambia mkwe wangu anachanja ng'ombe mbali na hatafika. Akakataa. Nikamkumbusha alipofungua hiyo kliniki hakuwa hata na benchi, na benchi ambayo watu wanaikalia mpaka leo ilitoka wapi? Kwangu. Alikuna kichwa, akaangalia mlango, akaandika, akapiga muhuri.

Nikapanda gari mpaka Kajiado na mvua yake. Sikutaka Kimanzi anione, ningemtukana. Niliiacha kwa bahasha kwa mlinzi, nikamwambia ni ya Lesiamon, iende ofisi ya wafanyakazi.

Sikumwambia Lesiamon. Ningemwambia na mdomo gani? Na Resian sikumwambia kwa sababu angebisha. Sasa huyo mtu hana mahali pa kujificha. Likizo anayo.

Glasi mbili. Leo hata mimi nilikunywa mbili peke yake, nikajaribu. Ni kidogo sana.

Ijumaa, 11 Aprili

Mashine imeenda vizuri. Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Kimya kutoka Kajiado. Kimya ni kizuri, maana yake wamekubali.

Jumanne, 22 Aprili

Sina nguvu lakini wacha niandike.

Imenyesha tangu Pasaka. Barabara yetu ni udongo mweusi, na huo udongo ukilowa, gari haliendi mbele wala nyuma. Ilikuwa siku ya mashine. Jana Nyawira alikuwa kilo 61, leo asubuhi 62, miguu imejaa kama mito, na anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Gari la jirani lilitoka hatua kama ishirini likazama. Waliita boda boda, mwenye boda akaangalia, akageuza.

Nikampigia nesi. Akasema mashine itamngoja mpaka saa sita, baada ya hapo kuna mtu mwingine.

Saa tatu hivi nikaona mtu anakuja kwa miguu kutoka lami. Ni Lesiamon, gambuti zimejaa tope, alikuwa ameacha gari lake huko juu. Aliingia. Nasema aliingia ndani ya nyumba yangu, mimi nikiwa nimesimama hapo jikoni na kanga ya kulalia, akapita macho yakiwa chini, akachuchumaa mbele ya kitanda. Nyawira akapanda mgongo. Resian akashika mwavuli, ule mrija usilowe.

Niliwafuata nyuma. Ni kama kilomita moja na nusu mpaka lami. Alianguka goti mara moja, akainuka bila kumwangusha. Nilikuwa naangalia huo mgongo njia nzima. Nilikuwa nafikiri, mtu anayetafuta mahali pa kujificha hatembei hivi.

Gari lake likawafikisha kwa mashine saa tano na dakika arobaini. Mashine ilimtoa maji lita tatu na nusu.

Kile nilichoandika tarehe mbili sikifuti. Kibaki hapo kinitazame.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeua mtoto wangu. Wacha niliandike hivyo ndiyo nilielewe.

Resian alikuja jikoni saa kumi na simu mkononi, uso umebadilika. Baba yake amempigia. Hospitali ya Nairobi iliuliza ofisi ya Kajiado kama Lesiamon ana likizo. Ofisi ikajibu ndiyo, yuko na karatasi ya ugonjwa, presha kali, wiki sita. Hospitali ikasimamisha kila kitu. Mtu wa presha hatoi figo. Kamati yao imefuta ile tarehe 12 mpaka ijulikane ukweli.

"Na si hiyo tu, Shosho," Resian akasema. Baba yake alikuwa ameomba bodi ya ofisi ikae imsikilize, wampe likizo maalum. Huko ndiko kujaribu kwake. Amekuwa akienda kwa kila mtu wa hiyo bodi, mmoja mmoja, jioni baada ya chanjo, mwezi mzima. Wangekaa leo. Wakakaa. Wakafungua faili, wakakuta huyu anayesema ni mzima wa afya ana karatasi ya kusema ni mgonjwa. Wakamuuliza, tumwamini Lesiamon gani? Sasa wanasema ni karatasi ya uongo na anaweza kufutwa kazi. Wamempa mpaka Jumatatu aeleze ilitoka wapi.

Nikauliza alisema nini.

"Alikataa kusema. Ameona muhuri wa Wakhungu, Shosho. Anajua ni nani huenda kwa Wakhungu."

Kisha akaniangalia. Huyo mtoto hajawahi kuniangalia hivyo. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Akasema, si ungemuuliza tu? Neno moja tu, Shosho, angekwambia kuhusu bodi.

Neno moja. Miaka ishirini na tatu nimejivunia ya kwamba sijamtupia huyo mtu neno.

Nyawira alikuwa anasikia kutoka chumbani. Hakunigombeza. Aliomba maji, nikampa, akanywa nusu glasi akanirudishia nyingine. Ingekuwa rahisi kama angenigombeza.

Ijumaa, 25 Aprili

Mashine. Ana homa kidogo. Wanaangalia mrija.

Jumamosi, 26 Aprili

Homa imeshuka. Nilienda kwa Wakhungu. Nilimwambia Jumatatu anafunga kliniki na tunaenda Kajiado. Akasema watamnyang'anya leseni. Nikamwambia wanaweza, na hiyo nayo itakuwa juu yangu, lakini kuna mtu hapo nyumbani ana mrija shingoni. Aliuweka muhuri wake kwa droo. Akauliza tunaondoka saa ngapi.

Jumatatu, 28 Aprili

Bodi ni watu watano na meza ndefu, mwenyekiti ni mama wa miwani. Kimanzi alikuwa mwisho wa meza na faili. Ni mtu mdogo kuliko nilivyomfikiria, na shati limeisha kola. Lesiamon alikuwa amesimama karibu na dirisha. Aliponiona naingia aligeukia ukuta, kwa heshima.

Mwenyekiti akauliza, "Mama, wewe ni nani kwa haya mambo?"

"Mimi ndiye mwongo," nikasema. "Huyu hajui chochote."

Nikawaambia yote. Benchi pia. Wakhungu akasimama, akasema hajawahi kumpima Lesiamon hata siku moja, na akatoa barua aliyoandika kufuta ile karatasi. Mmoja wao akacheka kidogo, akauliza kwa nini sikumuuliza mkwe wangu kabla. Nikamwambia wewe ni wa wapi? Akasema ni wa Magadi. Ni Mmaasai. Nikamwuliza, wewe na mama ya bibi yako huongea? Akaacha kucheka. Wenzake wakatazama chini.

Kisha nikawaambia hili, na nimeliandika kama nilivyolisema. "Mmeweka likizo ya mtu anayezaa, kwa sababu anatoa uhai kwa mwili wake. Huyu pia anatoa kwa mwili wake. Tofauti ni nini?"

Wakatutoa nje wajadiliane. Kimanzi alitoka kufuata faili, akasimama mbele yangu. Akasema yeye hakukataa kwa ubaya, kitabu hakina huo mstari na hawezi kuutunga. Ameandika juu mara mbili kuuliza, hakujibiwa. Hiyo bodi ni yeye aliyemfundisha Lesiamon namna ya kuiomba. Sikujua pa kuweka uso. Nikamwambia, "Na kola ya shati lako ushone." Ndiyo pole niliyoipata.

Tukabaki mimi na Lesiamon kwa hiyo korido, yeye anatazama ukuta.

"Lesiamon, nitazame."

"Yeyo, si vizuri." Yeyo ni mama kwa lugha yao.

"Najua si vizuri. Nitazame."

Akanitazama. Ana macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mbona hukuwaambia ni mimi?"

"Ningesema nini, Yeyo? Ati mama ya bibi yangu amedanganya serikali? Hiyo haiwezi kutoka kwa mdomo yangu."

"Nilifikiri unaogopa kukatwa."

"Naogopa sana. Nimepasua ng'ombe wengi. Najua huko ndani kunakaa aje."

"Na bado unaenda."

"Kwani kuogopa kwangu kutamsaidia Nyawira na nini?"

Nikatoa viazi vitamu kwa kikapu, nikampa kimoja, nikala kingine. Alikula akinipa mgongo, lakini alikula.

Walituita saa nane. Wiki sita, na mshahara, na bima. Kwa mara hii pekee, mwenyekiti akasema, mpaka walio juu waandike kanuni. Ile karatasi yangu imetolewa kwa faili. Wakhungu ameandikiwa onyo na anashukuru.

Jumatano, 30 Aprili

Barua imefika Nairobi siku ya mwisho. Lakini hospitali haiamini mdomo wetu tena. Lesiamon amefungwa mashine ya presha mkononi, usiku na mchana, ndiyo waone wenyewe.

Kilo 60. Glasi mbili.

Alhamisi, 1 Mei

Mashine ya presha imesoma juu. Mara tatu mfululizo. Wamesema watarudia Jumamosi.

Ijumaa, 2 Mei

Sitaki kuandika. Homa imerudi. Kilo 61.

Jumapili, 4 Mei

Presha yake iko sawa. Daktari alisema ile ya kwanza ilikuwa ni woga tu. Walimfunga tena, akaambiwa aende alale kwa ng'ombe wake, akalala, na ikashuka. Kamati imerudisha tarehe 12.

Homa ya Nyawira imekwisha pia. Kanisani nilikaa tu. Sikuimba.

Jumatatu, 12 Mei

Walimchukua Lesiamon saa moja asubuhi, Nyawira saa mbili na nusu. Resian na mimi tulikaa kwa viti vya plastiki. Saa tatu. Saa nne. Saa tano. Kila mlango ulipofunguka nilisimama, mpaka Resian akasema, "Shosho, keti, unawapatia watu stress." Saa saba wakasema Lesiamon ametoka. Saa tisa wakasema Nyawira ametoka. Wakasema sasa tungoje ile figo.

Jumanne, 13 Mei

Imekojoa. Lita nne.

Nesi ananiambia Nyawira anywe maji. Nikamwuliza kiasi gani, nikiwa na kalamu. Akasema mengi, Mama, kadiri anavyotaka, wacha kuhesabu. Nyawira alishika glasi na mikono yote miwili. Nilitoka nje.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imekatika. Lesiamon yuko kwangu siku ya nane sasa, kwa sababu hospitali ilisema asikae mbali na asikae peke yake. Wazee wa kwao walipiga simu kuuliza kama ni kweli analala kwa nyumba ya mama ya mke wake. Nikawaambia ni kweli, na anakoroma. Nyawira anakuja keshokutwa, chumba chake kimeoshwa na dawa.

Leo nilikuwa nje nikaona mtu amekaa kwa ngazi anavaa gambuti, mkono mmoja umeshika tumbo. Nikamwuliza anaenda wapi. Akasema Kimeu amepiga simu. Chanjo imefika Ewuaso Kedong na vijana hawajui kazi, ati aende tu akae kwa gari awaelekeze. Siku moja tu.

Nilimpigia Kimeu mimi mwenyewe. Hatasahau sauti yangu. Lakini nimerudi ndani nikakuta huyu bado anaangalia hizo gambuti, na ananijibu "ndiyo, Yeyo" na macho yako nje. Kwa hivyo naliandika hapa, na hiki kitabu nakiweka juu ya kitanda chake.

Lesiamon. Hiyo likizo ilitolewa na watu watano kwa meza, na mimi nilijiita mwongo mbele yao ndiyo uipate. Zimebaki siku ishirini na nane. Gambuti nimezifungia kwa stoo. Simu mpe Resian sasa hivi, umwambie azime. Kisha ulale kwa ubavu ule mzima, na usiinuke mpaka nikuitie chakula.